Bao la Ugenini

Zuhura mwanangu, wiki ya tatu tangu nikukabidhi meza ulinipigia simu. Ulikuwa unapanga makabati upya, ukaifungua faili ya mchujo uliotunyima Kombe la Dunia, ukakuta karatasi ya kikao cha mechi ikiwa na sahihi yangu chini kabisa. Ukaniuliza kwa adabu kama sahihi ile ni yangu kweli. Nikakujibu kwamba nitakuandikia, kisha nikakata simu. Najua ulidhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa nimekaa kitandani, nimekufa ganzi, maana swali hilo nimelingoja miaka mitatu na hakuna mtu aliyepata kuniuliza.

Nitakujibu, lakini nitaanza mbali kidogo ili wewe na wenzako mtakaofanya kazi hii mpate cha kuokota. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Cheo changu kilikuwa karani wa timu ya taifa ya wanawake siku niliyoingia, na siku niliyotoka kilikuwa kilekile, ila kwenye mlango walikuwa wamekiandika kwa maneno marefu zaidi.

Mimi ni mtoto wa Likoni. Nilikuwa nikipiga taipu katika ofisi moja ya mizigo kule Changamwe, na Jumamosi nikishika daftari la ligi ya wasichana kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kukaa juani kuandika nani kafunga na nani kapewa kadi. Daftari langu lilikuwa safi. Wageni kutoka makao makuu walipokuja kutazama wachezaji wakalitazama daftari kuliko wachezaji, na baada ya mwezi nikaitwa. Siku ya kwanza nilifika na mkoba mkubwa wa ngozi wa kuazima, nikitaka nionekane mtu wa maana. Mzee Athumani, karani niliyekuja kumsaidia, akautazama ule mkoba akaniuliza kama nimekuja kazini au nimekuja kuolewa.

Mzee Athumani alikuwa mtu wa Kisauni, wa Mjambere, mwembamba, suruali yake ikishikwa na mshipi wenye matundu ya kuongezea. Ndiye aliyenifunza kila kitu. Pasipoti za wachezaji hazipangwi kwa majina, zinapangwa kwa namba za jezi, katika kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, kwa sababu refa anapokagua huita namba. Kila fomu nakala tatu: moja ya kamishna wa mechi, moja ya faili, na moja ya kuwekwa kifuani, mahali mvua isipofika. Kalamu ya wino wa buluu, ili sahihi isidhaniwe ni ya mashine. Sanduku la jezi likihitajika, karani analifuata kwa miguu yake, hamtumi mtu. Aliwahi kumtuma mtu na timu ikaingia uwanjani na soksi za rangi mbili. Na kila mashindano yanapoanza, kanuni zisomwe upya kuanzia ukurasa wa kwanza, hata kama ulizisoma mwaka jana. Hilo la mwisho alikuwa akilisema mpaka nikawa namalizia mwenyewe moyoni.

Watu wa mitaani hudhani timu hufuzu kwa miguu tu. Miguu ina sehemu yake. Lakini kabla timu haijagusa mpira, kuna orodha ya wachezaji inayotakiwa kufika kwa wakati, na ikichelewa hakuna mtu wa kumlilia. Kuna kadi za njano: mchezaji akipata mbili katika mechi mbili tofauti za mchujo uleule, mechi inayofuata anakaa jukwaani, na hakuna anayekupigia simu kukukumbusha. Ukimchezesha umeipoteza mechi hata kama umeshinda mabao matano. Kisha mchujo wenyewe huwa wa mikondo miwili, nyumbani na ugenini, mabao yanajumlishwa, na mwenye mengi anavuka hatua. Yakilingana, hapo ndipo kanuni zinapoanza kusema.

Kesi ngumu hazikukosa. Kuna beki ambaye cheti chake cha kuzaliwa kilimwita Fatuma, kitambulisho Fatma na pasipoti Fatima, na kila karatasi ikaapa kwamba yeye ni mtu mwingine. Kuna kipa aliyefua suruali na pasipoti ikiwa mfukoni, siku nne kabla ya safari. Tuliianika juu ya friji na kuipiga pasi chini ya kanga, ikawa na sura ya chapati, na afisa wa uwanja wa ndege akaigeuzageuza, akamtazama yule msichana kwa huruma, akaigonga muhuri.

Ila kesi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ni ya Riziki Mwinyi, msichana wa Mtongwe. Nilimwona kwanza katika ile ligi yangu ya Jumamosi, ana miaka kumi na sita, anacheza mshambuliaji kwa viatu vya kaka yake vilivyojazwa karatasi mbele. Alipoitwa timu ya taifa hakuwa na kitambulisho wala cheti. Babu yake alizaliwa upande wa pili wa mpaka wakati mpaka haujawa jambo la kuulizwa, basi kila dirisha tulilokwenda lilitaka karatasi ya marehemu. Miezi minane nilisimama naye kwenye foleni. Nilikwenda kwa mzee wa mtaa, nikaenda kwa chifu, nikamleta bibi yake kuapa, nikatafuta kadi ya kliniki ya mama yake. Siku pasipoti ilipotoka aliibusu, kisha akanibusu mimi mkono, akaniita mama. Sikuzaa, Zuhura. Neno lile lilinikaa.

Riziki akacheza timu ya taifa miaka kumi na minane. Alikuwa nahodha kwa miaka kumi ya mwisho. Alicheza michujo mingapi hata sijui, na kila mara tulitolewa, mara nyingine mapema, mara nyingine mlangoni. Alitaka kitu kimoja tu, kucheza Kombe la Dunia hata dakika tano. Alikuwa akisema hivyo waziwazi kwa waandishi, bila haya, na wenzake wadogo walimcheka kisha na wao wakaanza kukitaka.

Kocha alikuwa Wekesa. Ni mtu wa bara aliyekuja Changamwe kijana kufanya kazi kiwandani na akabaki, Kiswahili chake kikawa cha pwani kabisa ila akikasirika. Ndiye aliyemfunza Riziki kupiga penalti. Walikuwa wakibaki uwanjani wawili baada ya mazoezi, yeye akiwa golini na koti lake, Riziki akipiga, na wakati wote aliopiga penalti za timu ya taifa sikumwona akikosa hata moja. Baba yake Riziki alikufa mapema. Wekesa alikuwa ndiye aliyekwenda kukaa na wazee siku ya posa ya Riziki, ingawa ni Mkristo na hakujua akae wapi. Nayasema haya ili ujue kilichovunjika kilikuwa kikubwa kiasi gani.

Sasa mchujo wenyewe. Riziki alikuwa na miaka thelathini na minne na alishatangaza kuwa ndio wake wa mwisho. Kanuni zilitumwa mapema, nikazichapisha, nikazitoboa, nikazitia katika faili. Nikasoma kifungu cha usajili. Nikasoma kifungu cha kadi neno kwa neno. Nilipofika kwenye kifungu cha timu zikilingana, nikakiruka. Nilikijua. Miaka yote ilikuwa hivi: mabao yakilingana, yule aliyefunga mengi ugenini ndiye anayevuka. Nimeyaona hayo yakitutoa mara mbili na kutuvusha mara moja. Mzee Athumani alikuwa amekwisha kufariki, Mungu amrehemu, na mimi nilikuwa na kiburi cha mtu ambaye wote humuuliza yeye. Nilikosa kwa kiburi, Zuhura, na si kwa bahati mbaya. Raundi za kwanza tulishinda wazi kwa tofauti ya mabao, kifungu kile hakikuhitajika, basi hakuna kilichonigutusha.

Tukafika mchujo wa mwisho, mikondo miwili, na mshindi wa jumla kwenda Kombe la Dunia moja kwa moja. Ugenini tulitoka sare ya bao moja kwa bao moja. Bao letu alifunga Riziki kwa kichwa. Ndani ya ndege ya kurudi nilimwambia Wekesa kwamba sasa hata sare ya bila kwa bila nyumbani inatosha, na yeye akawaambia wachezaji, na ndege nzima ikawa kama nyumba ya harusi.

Siku moja kabla ya marudiano kulikuwa na kikao cha mechi, kama kawaida. Hukaa refa, kamishna na makarani wa timu zote mbili katika chumba cha hoteli, wanakagua pasipoti, wanachagua rangi za jezi, na kamishna anakumbusha kanuni. Siku hiyo ukazuka ubishi wa soksi. Soksi za kipa wetu zilikaribiana na za wachezaji wao, na kamishna, mtu mzito asiyetaka kuhadithiwa, akasema anataka kuziona soksi za akiba kwa macho yake. Sanduku lilikuwa kwenye basi, basi lilikuwa nyuma ya hoteli. Nikakumbuka mafunzo, sikumtuma mtu, nikaenda mwenyewe. Dereva alikuwa amefunga mlango amekwenda kuswali. Nilimngoja. Niliporudi na zile soksi, kamishna alikuwa anafunga makabrasha yake. Akazitazama soksi, akaridhika, akanisogezea karatasi. Juu yake yameorodheshwa yaliyosemwa, chini kuna mstari wa kukiri kwamba nimeyasikia na kuyaelewa. Nikatia sahihi kwa wino wa buluu, nakala tatu. Sikuuliza nimepitwa na nini. Sikusoma. Nilikuwa nawaza soksi.

Kipengele cha nne cha karatasi ile, uliyoiona kwa macho yako, kinasema hakuna tena kanuni ya bao la ugenini. Mabao ya jumla yakilingana, ni penalti papo hapo bila muda wa ziada. Wenzetu walikisikia. Mimi nilikuwa nyuma ya hoteli.

Mechi ilianza saa kumi alasiri, uwanja umejaa mpaka kwenye ngazi. Nilikaa mwisho wa benchi na kopo langu la pasipoti miguuni. Ilikuwa mechi ngumu, isiyo na uzuri wowote. Kufikia dakika ya sabini bado bila kwa bila, na hapo nikaona mambo ambayo mtu mwenye akili zake angeyauliza. Timu iliyohitaji bao, kwa hesabu zangu, ilikuwa haishambulii. Kipa wao alikuwa akifunga kamba za viatu kila apatapo mpira. Nikamwambia daktari wetu kwamba hawa wamekata tamaa. Nilicheka, meno nje.

Dakika ya themanini na tano Wekesa akaja kuchutama mbele yangu. Kelele zilikuwa nyingi, ilibidi nimwekee sikio.

"Bi Mwanajuma, ikiisha hivi?"

"Tumevuka."

"Una hakika?"

Nikamwambia, "Wallahi nina hakika."

Niliapa, Zuhura. Mtu wa pwani anaijua wallahi, na Wekesa alikaa nasi vya kutosha kujua kwamba mimi neno hilo silitumii ovyo. Akainuka, akamwita msichana mmoja wa akiba, beki wa miaka kumi na tisa, apashe misuli. Riziki alikuwa akichechemea tangu mapumziko. Wekesa alitaka atoke mchezo ukiwa hai, watu wampigie makofi peke yake, wamuage kama anavyostahili. Lilikuwa jambo la mapenzi.

Dakika ya themanini na nane namba yake ikainuliwa. Uwanja mzima ukasimama. Riziki akavua kitambaa cha unahodha, akamfunga mwenzake mkononi taratibu, akasujudu pale kwenye mstari, akatoka analia na kucheka. Akamkumbatia Wekesa muda mrefu. Kisha akaja kwangu akaniambia, "Mama, tumefika." Nikamwambia tumefika.

Dakika iliyofuata wenzetu wakabadilisha kipa. Wakamtoa yule wa kufunga kamba, hana jeraha wala nini, wakamwingiza mwingine mrefu. Nikamwona Wekesa amegeuka kunitazama. Uso wake ulikuwa umebadilika, na mimi hapo ndipo nilipoanza kuzishuku hesabu zangu, kwa sababu hakuna anayebadilisha kipa dakika ya mwisho kwa jambo lingine ila penalti.

Refa akapuliza. Wasichana wetu wakaanguka chini, wengine wanasali, wengine wanakimbilia jukwaani. Wenzetu hawakulia. Walikusanyika katikati wakashikana mabega, na karani wao akaanza kuandika orodha. Refa akaenda kwa nahodha wetu mpya akamgusa bega, akaonyesha goli la kaskazini. Niliona kutoka kwenye benchi yule mtoto akitikisa kichwa, hapana, hapana, na refa akionyesha tena. Nikafungua faili. Nikakisoma kifungu nilichokiruka, nikimaliza narudia, kana kwamba kingebadilika.

Riziki alielewa kabla ya wote. Alivua koti, akakimbia kwenda uwanjani na soksi tupu, na refa wa akiba akamshika mkono. Aliyetolewa haruhusiwi kupiga penalti; hiyo haijapata kubadilika. Hakupigana. Alisimama pale kwenye mstari ameshikwa mkono, akatazama.

Tulipoteza nne kwa tatu. Penalti ya tano, iliyokuwa ya Riziki kwa zamu, aliipiga yule beki aliyeingia badala yake. Kipa mrefu akaidaka bila hata kuanguka. Sitamtaja jina yule msichana, amekwisha kutajwa vya kutosha.

Kwenye chumba cha kuvalia bomba lilikuwa likidondoka. Waandishi walikuwa wanagonga mlango. Riziki alisimama mbele ya Wekesa, hajavua jezi, akamuuliza nani aliyemwambia kwamba tumevuka. Mimi nilikuwa mlangoni na kopo langu la pasipoti. Wekesa hakunitazama hata kidogo.

"Niliamua mwenyewe," akasema.

"Hukumuuliza mtu?"

"Sikumuuliza mtu."

Riziki akamwambia, "Basi usiniite tena." Akavua jezi, akaiacha sakafuni, akatoka na fulana ya ndani. Tangu siku hiyo hakusema naye.

Nilimfuata Wekesa ukumbini nikitaka kusema, wallahi nilitaka. Akanikatiza. Akasema yeye atafukuzwa hata hivyo, makocha hufukuzwa kwa kidogo kuliko hiki, na haina maana tufukuzwe wawili. Kuna watoto ishirini na watatu wa kurudishwa makwao na karatasi za mashindano mengine zinangoja. "Wewe nyamaza," akaniambia. Kisha akaenda kuwaambia waandishi kwamba kosa ni lake peke yake. Nami nilinyamaza. Na si kwa huzuni tu, Zuhura. Nilifarijika. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kifungu chenyewe.

Alifukuzwa wiki hiyohiyo. Wakamwita kocha asiyejua kanuni, wakamtungia vichekesho, vijana wa maskani wakimwona Changamwe wakawa wanamuuliza bao la ugenini ni shilingi ngapi. Akarudi kufundisha watoto katika shule ya mtaa. Mimi nikaenda kwa maalim mmoja wa Likoni nikamuuliza hukumu ya mtu aliyeapa akiamini anasema kweli. Akanijibu kwamba kwa kiapo kama hicho hakuna dhambi. Nikafunga siku tatu hata hivyo. Sikumuuliza hukumu ya kunyamaza, kwa kuwa jibu lake nilikuwa nalijua.

Miaka mitatu iliyofuata nilikuwa karani bora kuliko wakati wowote. Kabla ya kila mashindano nilikusanya benchi zima nikawasomea kanuni kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, mpaka daktari akasinzia. Viongozi wakanisifu kwa umakini. Siku ya kuniaga mmoja alisimama akasema laiti yule kocha angelikuwa na umakini wa Bi Mwanajuma, na watu wakapiga makofi, na mimi nikainama nikala keki.

Kisha ukaja wewe na swali lako. Nilipokata simu nilikaa hivyohivyo mpaka adhana ya alasiri. Kesho yake asubuhi nilivaa buibui nikaenda Mtongwe.

Nilimkuta Riziki uani, anaanika vizibao vya wasichana anaowafundisha, vya njano na vya buluu. Akanishika mkono, akaniamkia, akataka kuniletea kiti. Nikamwambia nitasimama. Nikamweleza yote, soksi, dereva, sahihi, wallahi, na maneno niliyoambiwa ukumbini. Nilipomaliza akaanika vizibao vitatu vilivyobaki kwenye beseni, kimoja kimoja, akavibana.

"Mwalimu alijua ni wewe?"

"Alijua."

"Nami nikamwambia asiniite tena." Alisema kama anayejieleza mwenyewe. Kisha akanigeukia. "Kwa nini waja leo?"

Nikamwambia nimestaafu.

"Basi ulikuwa wangoja kazi yako iishe salama," akasema. "Yangu mimi iliishia pale kwenye mstari, nimeshikwa mkono."

Hakupaza sauti. Angelipaza ningelilia nikapata nafuu. Wala hakuniita mama, na sikutarajia. Alikausha mikono kwenye leso, akaingia ndani, akatoka na simu. Namba alikuwa nayo. Miaka mitatu hakuifuta. Akapiga, akaiweka sauti ya nje, labda kwa sababu mikono yake ilikuwa bado na majimaji, labda alitaka nisikie.

"Shikamoo, mwalimu," akasema. "Ni Riziki."

Upande wa pili palikuwa na kelele za watoto wa shule. Zikasogea mbali, kama mtu anayetembea kutafuta mahali pa kimya.

"Marahaba, nahodha."

Riziki akakaa chini palepale kwenye sakafu ya uani, kwenye maji ya kufulia, akalia kwa sauti. Nilimwona siku mama yake alipozikwa na hakulia vile. Akawa anasema nisamehe, mwalimu, nisamehe, nilikudhulumu. Wekesa akamwacha alie. Kisha akamuuliza polepole ni nani aliyemwambia.

Riziki akainua kichwa. Akaninyooshea simu. Nikaipokea kwa mikono miwili.

"Ni mimi, mwalimu," nikasema. "Mwanajuma. Nimemwambia kosa lilikuwa langu."

Nilimsikia akivuta pumzi. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, nilikuwa nimejiandaa hata kwa msamaha, na wallahi ningelipokea lolote.

"Mpe nahodha simu," akasema.

Nikampa.